Tamthilia za giza kuhusu maisha ya jukwaani: kipi kilitokea kweli, kipi kimebuniwa?

Kila inapotoka tamthilia ya televisheni inayosimulia maisha ya jukwaani katika karne ya 19, maoni ya watazamaji hufuata njia zile zile. Wa kwanza analalamika kwamba haoni kitu, skrini ni nyeusi tii. Wa pili anasema waandishi wametia chumvi: mcheza dansi gani anashika moto mbele ya ukumbi mzima? Wa tatu anauliza mwigizaji mweusi ametokea wapi katika London ya mwaka 1833. Wa nne yeye anasifu uhalisia wa kila kitu, hasa ule ukumbi uliotulia gizani, watu wakisikiliza kwa adabu hadi pazia lishuke.

Katika hao wanne, aliye mbali zaidi na ukweli ni wa nne. Katika tamthilia za aina hii, mambo yanayowashtua watazamaji mara nyingi ndiyo yenye ushahidi mwingi wa kihistoria, na yale yanayopita bila kuulizwa ndiyo yaliyobuniwa ili yafanane na mazoea yetu ya leo. Shaka ipo, na ni haki iwepo, ila inaelekezwa mahali pasipo pake.

Kwanza tuelewane kuhusu istilahi. Tamthilia ya kihistoria ni hadithi ya kubuni iliyowekwa katika zama zilizokuwepo kweli. Mavazi, majengo na sheria za wakati huo huchunguzwa, lakini wahusika na mazungumzo hutungwa. Hiyo si filamu ya hali halisi, ambayo hudai kueleza kilichotokea. Maneno "imechochewa na matukio ya kweli" yanayotokea mwanzoni hayaahidi mengi: yana maana kwamba mwandishi alipata mbegu ya hadithi kutoka kwenye jambo fulani, kisha akaipanda atakavyo. Na tunaposema tamthilia ni "ya giza", tunataja vitu viwili tofauti. Kuna giza la maudhui, yaani vifo, dhuluma na tamaa. Na kuna giza la picha, yaani huoni. La pili lina dawa, kwa hiyo tuanze nalo.

Kwa nini picha ni nyeusi

Kabla ya gesi, jukwaa liliangazwa kwa mishumaa na taa za mafuta. Mwaka 1817 kumbi za Drury Lane na Lyceum jijini London zilianza kutumia gesi jukwaani, na gesi ikatawala kwa miongo mingi iliyofuata. Ukumbi wa Savoy, uliofunguliwa London tarehe 10 Oktoba 1881, ndio uliokuwa jengo la kwanza la umma duniani kuangazwa lote kwa umeme, kwa taa zipatazo 1,200 za Joseph Swan. Kwa hiyo mwongozaji anayetaka kuheshimu zama hizo hana budi kupunguza mwanga. Mshumaa huangaza uso na mkono ulioushika. Pembe za chumba hubaki gizani, na ndivyo zilivyokuwa.

Lakini kuna tofauti kati ya pembe kuwa nyeusi na uso wa mhusika kutoonekana. Mpiga picha hakukusudia hilo la pili. Rangi na mwanga wa tamthilia hupangwa ndani ya chumba chenye mwanga hafifu, mbele ya skrini iliyopimwa kwa uangalifu. Kwa picha za kawaida, skrini hiyo huwekwa kwenye niti 100, kipimo cha mwangaza ambacho ni kidogo sana ukikilinganisha na sebule yenye dirisha wazi saa nane mchana. Macho yako yakishazoea mwanga wa dirishani, vivuli vyote vya tamthilia hugeuka doa moja jeusi.

Jambo la pili ni kubanwa kwa picha ili ipite kwenye intaneti. Programu inayobana hufanya kazi kama msafiri anayepunguza mizigo: huacha nyumbani kile anachodhani hakitahitajika. Na inachodhani hakitahitajika ni tofauti ndogo ndogo ndani ya vivuli. Kasi ya intaneti ikishuka, upunguzaji unazidi, ndipo unapoona ukuta wa gizani umejaa vimraba vinavyotikisika au mistari kama ya ramani. Kuongeza mwanga wa skrini hapo hakusaidii kitu, kwa sababu taarifa zenyewe hazikufika. Kinachosaidia ni kuzima hali ya kuokoa data, kuchagua ubora wa juu, au kupakua sehemu nzima kabla ya kuitazama.

Kwenye televisheni yenyewe, fungua menyu ya picha na uondoe hali ya rangi kali, ile inayopendeza dukani. Hali hiyo huongeza tofauti kati ya cheupe na cheusi kwa kuzamisha vivuli. Chagua hali ya sinema. Kisha zima kihisi kinachopima mwanga wa chumba, pamoja na hali ya kuokoa umeme, maana kihisi hufifisha skrini chumba kikiwa na giza, na hali ya kuokoa umeme hupunguza mwanga, wakati ule ule unapouhitaji. Kuna mpangilio ambao kwenye televisheni nyingi huitwa mwangaza, na watu wengi hukimbilia huo. Katika televisheni nyingi mpangilio huo haubadilishi nguvu ya taa ya skrini, bali huamua cheusi kianzie wapi. Ukiupandisha sana picha huwa ya kijivu kama imepigwa vumbi, na ukiushusha nywele nyeusi huungana na koti jeusi. Panda kidogo kidogo hadi mikunjo ya koti ionekane, kisha simama hapo. Nguvu ya taa ina mpangilio wake mwingine. Ukiwa na kisanduku cha nje kilichounganishwa kwa waya wa HDMI, hakikisha kisanduku na televisheni vinatumia masafa yale yale ya rangi, yaani upana kutoka cheusi hadi cheupe, kwa kuviweka vyote kwenye kujichagulia. Kimoja kikituma masafa finyu na kingine kikisubiri mapana, vivuli huharibika hata ufanye nini.

Kuhusu wale wanaosema hawasikii maneno: sauti ya tamthilia hizi hutengenezwa kwa spika sita, na mazungumzo huwekwa kwenye spika ya katikati. Televisheni yenye spika mbili hulazimika kuyachanganya yote, na muziki huyafunika maneno. Tafuta kwenye menyu ya sauti toleo la stirio, au washa hali ya usiku, ambayo hupunguza makelele na kuinua minong'ono.

Moto haukutiwa chumvi

Sasa tuje kwenye giza la maudhui, na hapa ndipo penye mengi. Shutuma inayorudiwa kuliko zote ni kwamba tamthilia za jukwaani hupenda moto kupita kiasi. Ukweli ni kwamba waandishi hujizuia. Mtu akiamua kuonyesha moto wote ulioteketeza kumbi za karne ya 19, hatapata nafasi ya kusimulia kingine.

Ukumbi wa Covent Garden, London, uliungua mwaka 1808 na tena mwaka 1856. Drury Lane iliungua mwaka 1809. Tarehe 5 Desemba 1876 ukumbi mmoja wa Brooklyn, Marekani, uliua watu wasiopungua 278. Tarehe 8 Desemba 1881 Ringtheater ya Vienna iliungua, na hesabu rasmi ilikuwa 384. Tarehe 5 Septemba 1887 Theatre Royal ya Exeter, Uingereza, iliua watu 186, na jengo lile lilikuwa halijatimiza mwaka tangu lifunguliwe. Kisha Iroquois ya Chicago, tarehe 30 Desemba 1903: watu wasiopungua 602, katika ukumbi uliotangazwa kuwa hauwezi kabisa kushika moto.

Kwa nini iwe hivyo? Ukiangalia juu ya jukwaa la gesi utaelewa. Mapazia yaliyochorwa mbingu na miti yalining'inizwa kwa safu, moja nyuma ya jingine. Kati ya safu na safu palipita mabomba ya chuma yenye matundu, na kila tundu lilikuwa na ulimi wa moto. Mapazia yalikuwa ya kitambaa kilichopakwa rangi na gundi, na yalikauka kila usiku kwa joto la miali ile ile. Yalipandishwa na kushushwa kwa kamba katikati ya onyesho, watu wakikimbia. Upepo wa mlango uliofunguliwa nyuma, au kamba iliyovutwa kwa haraka, ulitosha kugusisha kitambaa na moto. Exeter ilianza hivyo hivyo: kitambaa cha juu ya jukwaa kiligusana na mwali wa gesi.

Hata hivyo, wengi hawakuuawa na moto wenyewe. Waliuliwa na milango na moshi. Vienna, gesi ilifunguliwa jukwaani, ikakosa kuwaka mara ya kwanza, ikaendelea kuvuja. Ilipowashwa tena ikalipuka na kuchoma mapazia. Taa zikazimika. Taa za mafuta za dharura hazikuwa zinawaka. Pazia la chuma halikushushwa. Milango ilifunguka kwa ndani, na umati uliosukumana gizani uliikandamiza ikajifunga. Exeter, watu wa roshani ya juu, ambao ndio waliolipa kidogo kuliko wote, walikuwa na njia moja tu ya kutokea. Chicago, pazia la asbesto lilikwama njiani likishuka, na waigizaji walipofungua milango mikubwa ya nyuma kukimbia, hewa baridi iliingia na kuusukuma moto kuelekea kwa watazamaji.

Ndiyo sababu leo milango ya kumbi hufunguka kwa nje, ina nondo ya kusukuma kwa kifua au kiwiliwili, na juu yake pana taa inayowaka kwa chanzo chake yenyewe. Vienna, siku moja tu baada ya msiba, tarehe 9 Desemba 1881, ilianzishwa huduma ya hiari ya uokoaji kwa majeruhi. Tamthilia inayokuonyesha watu wakirundikana kwenye mlango uliofungwa haikutishi bure. Inakuonyesha jambo lililojirudia hadi sheria zikabadilishwa.

Wachezaji na nguo zao

Mtazamaji anayekataa kuamini mcheza dansi kushika moto jukwaani angetulia kidogo kwa majina mawili.

Clara Webster alikuwa mcheza baleti wa Kiingereza. Tarehe 14 Desemba 1844, Drury Lane, katika onyesho lenye mandhari ya wanawake wakioga, nguo yake iligusa mwali wa taa ya mafuta iliyokuwa wazi jukwaani. Alikufa siku tatu baadaye akiwa na miaka 23. Emma Livry alikuwa tegemeo la Opéra ya Paris. Tarehe 15 Novemba 1862, katika mazoezi, alikung'uta sketi yake akijiandaa kuingia, na kitambaa kikanasa mwali wa gesi. Aliishi na majeraha yake kwa miezi minane, akafariki tarehe 26 Julai 1863 akiwa na miaka 20. Mabaki ya maleba aliyoyavaa siku ile yamehifadhiwa Paris. Mwaka mmoja kabla ya ajali ya Livry, mwezi Septemba 1861, wachezaji wasiopungua sita walikufa kwa moto mmoja Philadelphia, ulioanzia kwenye chumba cha kuvalia na kuruka kutoka nguo hadi nguo, dada wa familia moja wakiwa miongoni mwao.

Sababu iko kwenye maleba yenyewe. Sketi ya baleti ya zama hizo ilikuwa tabaka juu ya tabaka la kitambaa chepesi chenye matundu, kilichotiwa wanga ili kisimame. Kati ya tabaka mna hewa, na hewa ndiyo chakula cha moto. Kitambaa kizito cha sufu huungua polepole na kutoa moshi, lakini sketi ile iliwaka yote kwa sekunde chache. Upana wake ulikuwa adui mwingine, kwa maana mvaaji hakuweza kuona wala kuhisi ukingo ulifika wapi. Na taa za mbele ya jukwaa zilikuwa usawa wa miguu.

Hapo watazamaji huuliza swali zuri: mbona hawakutafuta kinga? Waliitafuta. Ufaransa ilikuwa na dawa ya Jean-Adolphe Carteron ya kuloweka vitambaa ili visishike moto, na mwaka 1859 ikatoka amri ya serikali kwamba maleba na mapazia yalowekwe. Lakini dawa iliikaza sketi na kuifubaza rangi, na riziki ya mcheza dansi ilitegemea aonekane anaelea. Wengi waliikataa, Livry akiwa mmoja wao. Si haki kuwaita wajinga. Waliajiriwa kwa ajili ya wepesi wa ile nguo, na aliyeonekana mzito alikuwa na mtu wa kumrithi anayesubiri pembeni.

Ukumbi haukuwa kimya, wala haukuwa gizani

Hapa ndipo tamthilia nyingi hupotosha bila mtu kulalamika. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 taa za upande wa watazamaji ziliendelea kuwaka wakati wa onyesho, au zilipunguzwa kidogo tu. Watu walikuja kuona na kuonekana. Walizungumza, walikula, walishangilia mstari mmoja na kuzomea mwingine, na waliweza kumlazimisha mwigizaji arudie kipande kilichowafurahisha. Ukumbi wa giza kamili ni jambo lililokuja mwishoni: mtunzi wa opera Richard Wagner alilifanya Bayreuth, Ujerumani, mwaka 1876, na mwigizaji Henry Irving alilizoesha London alipoishika Lyceum kuanzia mwaka 1878.

Ghasia za watazamaji zilikuwa na nguvu za kisiasa. Covent Garden ilipofunguliwa upya mwaka 1809 ikiwa na bei zilizopandishwa, watazamaji walipiga kelele, kengele na vyombo kwa usiku 67, hadi uongozi ukasalimu amri. New York, tarehe 10 Mei 1849, ushindani kati ya mashabiki wa waigizaji wawili, Edwin Forrest wa Marekani na William Charles Macready wa Uingereza ulifikia ghasia nje ya ukumbi wa Astor Place. Askari walifyatua risasi na watu wasiopungua 22 wakafa. Kwa hiyo ukiona umati wa tamthilia unarusha vitu jukwaani, hapo hakuna chumvi. Ukiona umati wa mwaka 1840 umekaa kama umo kanisani, hapo ndipo pa kutilia shaka.

Na taa zenyewe zilihitaji watu. Mwanga mkali wa kumfuata nyota ulitokana na kipande cha chokaa kilichochomwa kwa mwali wa oksijeni na haidrojeni mpaka kikang'aa kwa weupe. Covent Garden iliutumia mwaka 1837. Kila taa ilikuwa na fundi wake, aliyekaa juu kwenye joto na kulizungusha lile jiwe kila mara, kwa sababu mwali uliouchoma upande mmoja kwa muda mrefu ulichimba shimo na mwanga ukapoteza umbo. Gesi zilikaa kwenye mifuko iliyokandamizwa kwa mbao na vyuma vizito. Uzito wa mfuko mmoja ukizidi wa pili, gesi moja ingeweza kurudi nyuma na kuingia kwenye mfuko wa mwenzake, na huo ni mlipuko. Mandhari ya fundi anayeangalia mifuko yake kwa hofu hayahitaji kuongezewa muziki wa kutisha.

"Mwigizaji mweusi London, mwaka 1833?"

Ndiyo. Aliitwa Ira Aldridge. Alizaliwa New York mwaka 1807, akahamia Uingereza angali kijana, na kufikia mwaka 1825 alikuwa anaigiza London. Tarehe 25 Machi 1833 Edmund Kean, aliyekuwa nyota mkubwa kuliko wote, alianguka jukwaani Covent Garden akiigiza Othello katika mchezo wa Shakespeare, huku mwanawe Charles akiigiza Iago, adui wa Othello. Kean alifariki tarehe 15 Mei. Tarehe 10 Aprili, Aldridge alisimama kwenye jukwaa lile lile katika nafasi ile ile ya Othello. Sehemu ya magazeti ilimshambulia kwa rangi ya ngozi yake, na baada ya maonyesho mawili hakuendelea hapo. Alizunguka majimboni na kisha Ulaya bara kwa miaka mingi, akapewa nishani na heshima za watawala, akapata uraia wa Uingereza mwaka 1863, na kufariki Łódź, Poland, mwaka 1867 akiwa bado katika ziara.

Wanaodai kwamba mhusika wa namna hiyo amechomekwa na waandishi wa leo ili kuwaridhisha watu wa leo wanamfuta mtu aliyefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 40. Kinachostahili kuulizwa ni kingine: je, tamthilia inaonyesha namna alivyopingwa, au inampitisha kirahisi kana kwamba London ilimpokea kwa mikono miwili? Hilo la pili ndilo lisilo kweli.

Wanawake, fedha na nguvu

Kuna dhana mbili zinazopigana, na zote ni nusu ukweli. Ya kwanza husema kila mwanamke wa jukwaani aliuzwa. Ya pili husema hayo ni matusi yaliyobuniwa na wanaoichukia sanaa.

Katika Opéra ya Paris, matajiri waliolipia viti vya msimu mzima waliruhusiwa kuingia chumba cha mazoezi cha wachezaji, ambacho kilijengwa kwa mapambo ya dhahabu na vioo ndani ya Palais Garnier, jengo lililofunguliwa mwaka 1875. Waliokutana nao humo walikuwa wasichana, wengine watoto kabisa, kutoka familia zilizohitaji ule mshahara mdogo. Marie van Goethem, aliyesimama mbele ya msanii Edgar Degas hadi akamchonga kuwa sanamu ya mchezaji wa miaka 14, alikuwa binti wa mfua nguo. Sanamu ilipoonyeshwa mwaka 1881 wahakiki waliitukana sura yake. Mwaka uliofuata Opéra ilimfukuza kwa kukosa mazoezi. Mateso haya yalikuwa na utaratibu, na yalipewa chumba cha kifahari.

Upande wa pili nao ni wa kweli. Mwigizaji Lucia Vestris aliukodi ukumbi wa Olympic jijini London na kuanza kuuendesha mwenyewe mwaka 1831, akaajiri wanaume na kuwalipa. Mwigizaji Ellen Terry alikuwa na sauti kubwa Lyceum kiasi kwamba taa za umeme zilipowekwa na yeye akaona zinavyoharibu nyuso, Irving alirudisha gesi kwa ombi lake. Jukwaa lilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambapo mwanamke aliweza kupata jina na mapato yake. Tamthilia nzuri huonyesha mambo haya mawili ndani ya jengo moja.

Kuhusu malipo, mtazamaji huchanganyikiwa anaposikia mwigizaji akizungumzia usiku wake wa faida. Ulikuwa sehemu ya mkataba: usiku mmoja wa msimu, mapato ya mlangoni yalikwenda kwa mwigizaji fulani baada ya kuondoa gharama za ukumbi. Kwa hiyo alizunguka mwenyewe kuuza tiketi, na mvua kubwa ya usiku huo iliweza kumwachia deni. Tena alipigwa faini kwa kuchelewa mazoezini au kusahau maneno, na mara nyingi maleba alijinunulia. Mswada kamili hakupewa. Alipewa karatasi zenye maneno yake tu na maneno machache ya mwisho ya mwenzake, ili ajue aanze lini.

Mashine za chini ya sakafu

Mzimu unaopita jukwaani huku mtu akimchoma upanga bila kumgusa ulifanywa kwa kioo. Tarehe 24 Desemba 1862 John Henry Pepper aliuonyesha London, akiendeleza wazo la Henry Dircks. Kioo kikubwa husimamishwa kwa mshazari mbele ya jukwaa, na chini yake, ndani ya shimo wasiloliona watazamaji, mwigizaji wa mzimu humulikwa kwa nguvu. Watazamaji huona taswira yake kwenye kioo. Aliye jukwaani hauoni mzimu kabisa, kwa hiyo hana budi kukariri hatua kwa hatua pa kuelekeza upanga. Kioo kikiwa kichafu au taa ya jukwaa ikizidi, mzimu hupotea.

Mlango wa nyota ulikuwa hatari zaidi. Ni tundu la mviringo sakafuni lililofunikwa kwa vipande vya mbao vya pembetatu, vyenye bawaba za ngozi. Mwigizaji husimama chini kwenye kibao, mawe mazito kuliko yeye huachiwa upande wa pili wa kamba, naye hurushwa juu akipasua vile vipande, ambavyo hujifunga nyuma yake. Asiponyoosha mwili, mabega hugonga kingo. Vipande vikikwama, kichwa ndicho kinachovipasua.

Mauaji, udhibiti na kalenda

Mwigizaji kuuawa na mwenzake mlangoni mwa ukumbi huonekana kama hila ya mwandishi aliyeishiwa. Tarehe 16 Desemba 1897 William Terriss alichomwa kisu akiingia ukumbi wa Adelphi, London, na Richard Archer Prince, mwigizaji aliyekosa kazi. Terriss alikuwa amewahi kumsaidia. Mahakama ilimwona Prince ana hatia lakini hana akili timamu, akapelekwa Broadmoor, hospitali ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili.

Kinyume chake, hotuba kali ya kisiasa inayotolewa jukwaani London mwaka 1850 na umati ukasimama kushangilia, hiyo tilia shaka. Kuanzia sheria ya mwaka 1737 hadi mwaka 1968, kila mchezo mpya ulipelekwa kwanza ofisi ya Lord Chamberlain, afisa wa kasri la kifalme aliyekagua michezo, na maneno yaliyokatwa hayakutamkwa, la sivyo ukumbi ulihatarisha leseni.

Upotoshaji ulio wa kawaida kuliko wote ni wa kalenda. Waandishi huchukua miaka 40 na kuikunja ndani ya msimu mmoja, na wahusika wanne wa kweli huwa mtu mmoja mwenye jina la kubuni. Angalia taa: ukiona taa ya umeme imewashwa jukwaani na kwenye sehemu inayofuata mchezaji anashika moto kwa taa ya mafuta, huenda umeunganishiwa mwaka 1881 na mwaka 1844. Angalia viti: watu wakiwa gizani na kimya, umevuka mwaka 1876. Angalia vipodozi: mwigizaji akijipaka rangi ya mafuta kutoka kwenye kijiti, hizo ni bidhaa za Ludwig Leichner wa Ujerumani, aliyeanza kuziuza mwaka 1873.

Matukio yenyewe, moja moja, yanaweza kuwa ya kweli kabisa. Kinachobuniwa ni kuishi kwa pamoja kwa watu ambao hawakuwahi kukutana.